Kitenzi Kisicho na Mtendaji: Historia ya «dwindle» na Matatizo ya Kukifasiri kwa Kiswahili

Katika zoezi moja la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu sentensi ya Kiingereza iliyoonekana kuwa nyepesi: «By 1903 the people of Lukolela had dwindled to fewer than 600». Sentensi hiyo tuliitunga wenyewe, lakini takwimu zake zimo katika ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, aliyesafiri katika sehemu za juu za mto Kongo mwaka 1903. Karibu wanafunzi wote waliandika: «Kufikia mwaka 1903 watu wa Lukolela walikuwa wamepungua hata wakabaki chini ya 600». Mmoja tu aliandika «walikuwa wamepunguzwa», nasi tukampigia mstari mwekundu, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza hakimo katika kauli ya kutendwa. Siku ya kurudisha karatasi akasimama akauliza: «Mwalimu, kwani walipungua wenyewe?»

Makala haya yametokana na swali hilo, ambalo siku ile hatukulijibu vizuri. Tunakusudia kueleza kitenzi hiki kimetoka wapi, Waingereza wanakitumiaje katika maneno yao ya kila siku, na kwa nini mwanahistoria anayeandika kwa Kiswahili hawezi kukipokea bila kukihoji.

Tuanze na asili yake. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi «dwinan», maana yake kudhoofika, kunyauka, kufifia hata kutoweka. Kitenzi hicho kiliendelea katika Kiingereza cha enzi za kati kwa sura ya «dwine», na katika lugha ya Waskoti bado kinajulikana. Ndugu yake yumo pia katika Kiholanzi, ambamo «verdwijnen» ni kutoweka. Kwa hiyo wamisionari na maofisa wa Kiflamandi waliokuja Kongo walikuwa na neno la ukoo huo vinywani mwao, ingawa katika lugha yao lilikuwa limekwisha fika mwisho wa safari, yaani kutoweka kabisa, na siyo njiani.

Katika «dwine» Waingereza walipachika kiambishi tamati «-le», ambacho kazi yake ni kuonyesha tendo linalorudiwarudiwa kidogo kidogo. Kutoka «spark», cheche, walipata «sparkle», kumetameta. Kutoka «crack», mlio wa kitu kinachopasuka, walipata «crackle», kualika mfululizo kama kuni mbichi motoni. Sauti «d» iliyomo kati ya «n» na «l» ilizaliwa na ulimi wenyewe katika kupita kutoka sauti moja hadi nyingine. Kwa hiyo «dwindle» kwa muundo wake ni kudhoofika-dhoofika, kunyauka hatua kwa hatua. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kurudufu shina, tusemapo kwamba mtu analialia au mvua inanyesha-nyesha. Jambo hili lishikwe, maana polepole hiyo si pambo lililoongezwa baadaye. Imo ndani ya mifupa ya neno.

Neno linaonekana katika maandishi mwishoni mwa karne ya 16, na mmoja wa watu wa kwanza tunaowajua kulitumia ni Shakespeare. Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Mfalme Henry wa Nne, iliyochapishwa mwaka 1598, yumo Falstaff, mzee mnene kupita kiasi, mlevi na mwongo, ambaye anamwuliza mwenzake kama haoni jinsi alivyokonda. Kichekesho ni kwamba hakukonda hata kidogo. Hivi ndivyo kitenzi hiki kilivyoanza maisha yake mbele ya umma: kinywani mwa mtu anayelalamikia upungufu usiokuwako. Tungetafuta neno la Kiswahili la mahali pale, «kupungua» lisingefaa sana; «kunywea» lingefaa zaidi, kwa sababu hunena habari ya mwili unaopoteza unene wake, nguo zikawa pana na ngozi ikalegea.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika Macbeth, tamthilia ya takriban mwaka 1606 ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1968, mchawi mmoja anasimulia jinsi mke wa baharia alivyomnyima njugu alizokuwa akitafuna. Kwa kisasi anaapa kumwandama mumewe baharini: atamnyima usingizi, na kwa majuma tisa mara tisa, yaani majuma 81, baharia atanywea na kudhoofika. Hapa ndipo kitenzi chetu. Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa hali hiyo. Mtu akianza kukonda bila ugonjwa unaojulikana, jamaa hawaulizi tu «amepatwa na nini?» bali «nani amemfanya hivi?». Kisarufi, kitenzi hakina mahali pa mchawi. Baharia ndiye kiima, naye anadhoofika peke yake. Lakini katika masimulizi mchawi amesimama pale pale na kusema kwa kinywa chake kwamba ndiye atakayetenda. Sarufi imemficha, simulizi limemtaja.

Tangu karne ya 17 kitenzi kilianza kuuacha mwili wa mtu na kuhamia kwenye wingi wa vitu na wa watu: mali, ukoo, kundi, jeshi. Samuel Johnson, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, alitenga maana kadhaa, na kwa ile ya kupungua kwa idadi alichukua mfano kutoka kwa Clarendon, mwanahistoria wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza vya miaka ya 1640, aliyekuwa akieleza jeshi lililobakiwa na askari wachache. Tukio hili si dogo. Askari wa jeshi hawanywei kama mwili wa mgonjwa. Wanauawa, wanakufa kwa homa, wanatoroka usiku kurudi mashambani kwao kwa sababu hawakulipwa mshahara. Kila mmoja wa wale waliokosekana alikuwa na sababu yake, na nyuma ya sababu nyingi palikuwa na mtu. Lakini mwanahistoria akiweka kitenzi hiki, sababu zote zinayeyuka katika neno moja, na jeshi linaonekana kama theluji juani. Mchawi ametoka katika simulizi pia.

Wako waandishi waliojaribu kukipa kitenzi hiki yambwa, yaani kusema kwamba fulani «ali-dwindle» kitu, lakini matumizi hayo hayakushika. Mwingereza wa leo akitaka kumtaja mtendaji, hana budi kutafuta kitenzi kingine kabisa, kama «reduce» au «deplete». Hiki cha mwisho kina historia yake: kinatoka katika Kilatini, kumwaga kilichojaa, na kilianza kama neno la waganga waliokuwa wakiwatoa wagonjwa damu ili kupunguza ujazo wa mishipa. Kwa hiyo tangu mwanzo «deplete» kilikuwa na mkono ulioshika kisu, ambapo «dwindle» hakikuwa na mkono wowote.

Yafaa sasa tuangalie maneno ya kila siku, maana wanafunzi wetu hukutana na kitenzi hiki zaidi katika magazeti na mazungumzo kuliko katika Shakespeare. Mwingereza husema «our savings are dwindling», akiba yetu inazidi kupungua; «the crowd dwindled to a dozen», umati ulipungua hata wakabaki watu kumi na wawili hivi; «hope dwindled», tumaini lilififia. Katika sentensi hizo yako mambo mawili ambayo kamusi ndogo hazielezi. Kwanza, kiima lazima kiwe kitu chenye wingi au kiasi: watu, fedha, mwanga, nguvu. Kiti hakiwezi ku-dwindle, wala sahani. Pili, lazima muda upite. Radhi ikipiga na watu wote wakakimbia uwanjani kwa mara moja, umati huo hauku-dwindle, umetawanyika. Kwa kawaida hufuatwa na kihusishi «to» na idadi iliyobaki, kama katika taarifa zilizoandikwa juu ya vifaru weupe wa kaskazini katika Mbuga ya Taifa ya Garamba, ambao kufikia mwaka 1984 walikuwa wamebaki takriban 15. Nao majangili? Huja katika sentensi ya pili, kama wanakuja.

Kando ya kitenzi hiki Waingereza wanayo misemo ya jikoni iliyojengwa juu ya kitenzi «run», kukimbia au kutiririka: «run low», «run short», «run out». Picha iliyomo ni ya kitu kinachomiminika kutoka chomboni, kama pombe katika pipa au mchanga katika kioo cha kupimia saa, hata usawa wake ukashuka chini au ukaisha. Chumvi ikikaribia kwisha wanaweza kusema «the salt is running low», na hapo kiima ni chumvi. Lakini mara nyingi husema «we are running low on salt», na hapo kiima ni sisi! Mtu ndiye anayetiririka kuelekea chini, na chumvi inafuata nyuma kwa kihusishi. Mwanafunzi anayefasiri neno kwa neno hupata upuuzi mtupu.

Kiswahili kimepita njia nyingine. Chumvi «inapungua» au «inakwisha», na mjini Lubumbashi husikia «chumvi ilikwisha» bila kuongeza neno. Tukitaka kumtia mtu katika jambo hilo, tunamtia kama mwenye kupatwa. Tunasema «chumvi inatuishia», ambapo kauli ya kutendea inatuweka sisi mahali pa wale wanaofikiwa na tukio. Au tunaendelea hadi kauli ya kutendewa, «tumeishiwa chumvi», «tumepungukiwa na chumvi», au kwa lugha ya wazee wa pwani «tumetindikiwa». Mpishi wa Kiingereza kwa sarufi yake ni mtendaji aliyeishia pabaya. Mpishi wa Kiswahili ni mtu aliyepatwa. Hatusemi kwamba mmoja ana akili kuliko mwingine. Na tukiwa hapo, tukumbuke kwamba lugha yetu imelipeleka shina hilo la kupungua mbali sana, hata likatupa neno «punguani», mtu aliyepungukiwa na akili.

Iko njia ya tatu ambayo wanafunzi wetu huipita bila kujua, nayo ni Kifaransa. Wengi wao hawatoki katika Kiingereza kwenda katika Kiswahili moja kwa moja. Wanapitia Kifaransa, lugha waliyosomea. Na Kifaransa kinawapa ama «diminuer», ambacho kwa sura moja huweza kuwa kupungua na vile vile kupunguza, ama «s'amenuiser», chenye kijineno kile cha «se» kinachofanya kitu kionekane kuwa kinajitenda chenyewe. Mwanafunzi akifika katika Kiswahili kwa daraja hilo la pili, swali la mtendaji limekwisha zama mtoni kabla hajavuka.

Turudi Lukolela. Casement alifika huko mara ya kwanza mwaka 1887, akarudi mwaka 1903. Katika ripoti yake, iliyotolewa London mwaka 1904, aliandika kwamba mwaka 1887 mahali hapo palikuwa na watu 5,000 kamili, na kwamba mwaka 1903 hesabu yao haikufika 600. Hakuishia kwenye hesabu. Alitaja sababu alizoelezwa: ugonjwa wa malale, udhaifu wa afya kwa jumla, chakula kisichotosha, njia zilizotumiwa na maofisa wa mahali kuwapata watu wa kufanya kazi, na mambo waliyotozwa kwa nguvu. Ni miaka 16 tu. Ndio wakati ule ambapo Dola Huru ya Kongo ilifikia kusafirisha takriban tani 6,000 za mpira kwa mwaka, mwaka 1901, na mimea ya mpira ya porini ilikatwa bila huruma hata wakusanyaji wakalazimika kwenda mbali zaidi na zaidi msituni kutafuta mingine.

Mtu anayeandika habari hiyo kwa Kiingereza na kutumia «dwindle» hasemi uongo. Watu 5,000 walikuwa chini ya 600. Jambo lilichukua muda. Kiima ni wingi. Masharti yote ya kitenzi yametimizwa. Lakini katika zile sababu tano za Casement, mbili za mwisho zina watenda wake, tena wenye vyeo na mishahara, na ya chakula, kwa maoni yetu, haiwezi kutengwa nazo, kwani mtu aliyechukuliwa kwenda kazini hakuwa shambani. Malale ni jambo lingine. Mbung'o hakutumwa na ofisa yeyote. Kwa hiyo aliyeandika «wamepunguzwa» hakukosa, wala hakupata kabisa. Sehemu ya wale watu walipunguzwa, sehemu walipungua, na hakuna hesabu iliyotenga hao na hawa.

Hapa tunapenda kutaja mfano mwingine ulio karibu nasi, ili isidhaniwe kwamba tatizo ni la zamani tu. Wachimba madini wa Marekani wa katikati ya karne ya 19 walieneza msemo «peter out», ambao kwao ulihusu mshipa wa madini unaozidi kuwa mwembamba ndani ya mwamba hata ukaisha. Msemo huo umeingia katika Kiingereza cha watu wote. Sasa, katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katika mwaka 1994 haikutoa hata tani 40,000. Tumesoma maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba uzalishaji huo «dwindled», na mwanafunzi akaufasiri kwa «ulififia». Sikio la mtu wa Katanga linakataa. Mshipa wa shaba haukuwa umekwisha ardhini, kama ilivyoonekana baadaye makampuni mengine yalipokuja kuchimba pale pale katika karne hii. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka mwaka 1990, mitambo ilikuwa imechakaa bila kutengenezwa, fedha zilikuwa zimekwenda kwingine, na mwaka 1991 na 1993 miji ilikuwa imeporwa. Kitu kilichoanguka kwa sehemu tisa katika kumi ndani ya miaka michache hakikufifia. Kiliporomoka, na kati ya kuporomoka na kuporomoshwa ni mwandishi achague, kwa kadiri ya ushahidi alio nao.

Labda msomaji anatazamia sasa tuseme kwamba Kiswahili kina uadilifu ambao Kiingereza hakina, kwa kuwa shina moja «pungu-» linatulazimisha kuchagua kati ya kupungua, kupunguza na kupunguzwa, na kila mara tunakumbushwa kwamba mtendaji huenda yupo. Sisi wenyewe tulielekea kusema hivyo katika rasimu ya kwanza ya makala haya. Tulizuiwa na karatasi nyingine ya zoezi lile lile.

Mwanafunzi huyo aliandika: «Kufikia mwaka 1903 mji wa Lukolela ulikuwa umepungukiwa na watu, wakabaki chini ya 600». Ni sentensi nzuri sana, na kwa ladha ya lugha inazishinda zote. Mji umewekwa mahali pa mpishi aliyeishiwa chumvi. Ndio uliopatwa, ndio unaolia. Lakini hebu tuitazame ile «na». Katika kauli ya kutendwa, «na» ndiyo inayomleta mtendaji: mbuzi ameliwa na chui, kijiji kilichomwa na askari. Katika «kupungukiwa na» mahali hapo hapo pamekaliwa na kitu kinachokosekana. Watu waliotoweka wamekaa katika kiti cha mtendaji, na kwa kuwa kiti kimejaa, askari, ofisa na karani wa mpira hawana pa kukaa hata tukitaka kuwaita. Hatuwezi kusema «mji ulipungukiwa na watu na maofisa». Maana ingekuwa kwamba maofisa nao walitoweka.

Basi hata Kiswahili kina pango lake la kufichia, tena pango zuri kuliko la Kiingereza, kwa sababu linatia huruma. Tulipojadili karatasi hizo darasani, wengi walipiga kura kwa sentensi hii kwa ajili ya uzuri wake. Yule wa «wamepunguzwa» hakukubali. Alisema angekubali «umepungukiwa na watu» kwa malale peke yake, na kwa yaliyobaki angeanza sentensi nyingine yenye kiima chake. Tulifuta ule mstari mwekundu, na alama tukamrudishia.